Mwenye Sahani ya Saba

Juu ya kila mashine katika maabara ya Profesa Liao palikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuifungua. Jina la vitafunio vile ni kama neno unalomwambia mtoto mtukutu: tulia, uwe na adabu. Pale Tainan, kusini mwa Taiwan, mwenye mashine asiyoiamini huiwekea pakiti yake, na masharti yanajulikana na wote. Iwe ya kijani, kwa sababu ya njano na nyekundu huleta balaa. Isiwe imepita tarehe. Isiliwe. Ukiwauliza madaktari wa utafiti watakwambia hawaamini mambo hayo, huku wakiinyoosha vizuri ikae katikati.

Kwa hiyo Jumanne ile, seli za sahani ya saba zilipofura, pakiti ndiyo iliyoshtakiwa kwanza.

"Mnaona?" Chen-kuang alipaza sauti, ameinyanyua pakiti ya juu ya kabati la joto kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Utafiti huo ulikuwa wake, na aliuhangaikia mwaka wa tatu sasa. "Imekwisha muda tangu mwezi uliopita! Mimi nakesha, nakonda, kumbe nimeuawa na bisi. Nani ana zamu ya pakiti?"

"Wewe," akasema Dada Siu-kim bila kugeuka. "Jina lako liko ukutani, herufi kubwa."

Watu wakacheka. Wan-ju, msaidizi wa maabara, naye alinyoosha midomo ili aonekane anacheka, lakini mikono yake ilikuwa imepoa ndani ya glovu. Alikuwa ameinama kwenye hadubini, na alichokiona kule chini kilikuwa kimemziba masikio. Ndani ya ute mwangavu wa sahani ya saba, mahali palipotakiwa kuwa na vinundu vidogo vilivyolala, kulikuwa na vifuko. Duara safi, vyenye maji, vimevimba, vingine vimegusana mabega.

Sahani ile iliandikwa "Mzima, namba 7."

Mwenye sahani ya saba alikuwa Wan-ju mwenyewe, na hakuna aliyelijua hilo ila yeye.

Maabara ile iliishi kwa ajili ya ugonjwa mmoja, ule wa kurithi unaootesha vifuko vya maji ndani ya figo. Kinaanza kimoja, kinafuata kingine, miaka inakwenda, mpaka figo ya kutosha kiganjani inakuwa kubwa kama kabichi na kazi yake imeisha. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayemzaa yuko nusu kwa nusu.

Wan-ju aliusoma ugonjwa huo katika madarasa ya jioni, tumbo la mimba ya mwanawe Tang-tang likigusa ukingo wa meza. Mwalimu wao aliueleza kama hadithi, na tangu siku ile haukumtoka kichwani. Ubongo ukihisi mwili unaishiwa na maji, hutuma homoni ya kiu kwenda kwenye figo: shikeni maji. Seli ya figo ikiupokea ujumbe, ndani yake anaamka mjumbe mdogo anayezunguka kuwaambia wenzake kazi ianze. Katika seli nzima, kalsiamu ni breki. Mjumbe anapita, maji yanashikwa, mambo yanaishia hapo. Ila katika seli yenye jeni lililoharibika kalsiamu hupungua, breki inalegea, na ujumbe uleule wa "shikeni maji" seli huusikia kama "zaaneni." Basi zinazaana, zinavuta maji ndani, na kifuko kinakua.

Jaribio la Chen-kuang lilijengwa juu ya hilo. Seli za figo zilikusanywa kutoka kwenye mkojo wa watu, wengine wagonjwa, wengine wazima. Zikapandwa kwenye ute, zikapewa dawa ya kumwamsha yule mjumbe. Za wagonjwa zilifura. Za wazima sita zilikaa kimya kama zilivyotarajiwa. Akabaki wa saba, na wa saba hakutokea siku yake. Chen-kuang alilalamika hadi wakati wa chakula. Wan-ju, kwa kumwonea huruma, alichukua kikombe, akaingia chooni, akarudi na mkojo. Kwenye fomu aliandika namba badala ya jina, kama walivyoandika wote. Palipoulizwa kama kuna ugonjwa wa figo katika ukoo, alitia alama penye hapana.

Baba yake alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Babu yake alikufa kabla mashine hizo hazijafika mtaani kwao, tumbo limejaa kama la mja mzito. Lakini nyumbani kwao ilisemwa, tangu Wan-ju akiwa mdogo, kwamba figo za baba ziliharibiwa na unga wa dawa ya mgongo aliokuwa akinunua alipokuwa fundi wa pikipiki. Maneno hayo ndiyo yaliyopelekwa pia kwa wakwe siku ya posa. Wan-ju aliyarudia mara nyingi mpaka yakamlainikia mdomoni. Kila siku alikuwa akiwagusa wagonjwa kwenye sahani, akiwaandikia namba, akiwafahamu hadi tabia zao, na bado alikuwa amejiweka upande wa pili wa kioo. Mtu mwenye ugonjwa angejisikia vibaya, alijiambia. Yeye alikuwa anapanda ngazi nne na mtoto mgongoni bila kuhema.

"Haya, tuache utani," Chen-kuang akasema, sasa sauti imeshuka. "Sahani ya saba ndiyo pekee ya wazima iliyolishwa kutoka chupa mpya ya supu."

Supu ndicho chakula cha seli, na pale maabara kilipikwa na mtu mmoja tu. Dada Siu-kim alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye meza ile, na miezi mitatu tu kabla ya kustaafu. Hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Alikuwa akisema vitafunio ni vya wavivu wasiosafisha mashine zao, na kweli meza yake haikuwa na pakiti.

Kila mtu pale alijua kwamba hata seli nzima ukiinyima kalsiamu huanza kufanya mambo ya mgonjwa. Na kila mtu alijua kwamba Dada Siu-kim alitolewa mtoto wa jicho majira ya baridi yaliyopita.

"Unasema sikutia kalsiamu," akasema Dada Siu-kim.

"Sijasema, Dada."

"Hujasema. Umeniangalia macho."

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akaenda kwenye friji, akaitoa chupa ile kubwa, akaimwaga yote kwenye sinki mbele yao, maji yakikimbia. "Supu yenye shaka hailishwi mtu," alisema. Hakumwangalia yeyote.

Wan-ju angeweza kusema palepale. Maneno yalifika kooni. Lakini akilini alimwona Tang-tang, miaka minne, akijifunza kuruka kwa mguu mmoja sebuleni, akihesabu vibaya, na maneno yakarudi chini. Kama supu ndiyo yenye kosa, basi yeye ni mzima na mtoto wake ni mzima. Alijikuta anaomba, moyoni, kwamba mama yule mzee awe amekosea. Aliomba hivyo siku nzima akiosha vyombo, na hakujipenda.

Siku iliyofuata Dada Siu-kim hakula na wenzake. Wan-ju alimkuta kwenye chumba cha mizani, sanduku lake la chakula halijafunguliwa, miguu ya kuku imepoa ndani yake. Mbele yake palikuwa na daftari la mapishi ya supu. Kila kiungo kilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na alama ya penseli. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kalsiamu.

"Alama ipo," akasema mama yule. "Tazama wewe mwenye macho mazuri. Ipo?"

"Ipo, Dada."

"Ipo. Lakini nimekaa hapa tangu asubuhi nakumbuka mkono wangu ukitia alama, sikumbuki ukitia kalsiamu. Mtu anaweza kutia alama kwa mazoea." Akafunga daftari. "Nitamwambia Profesa mwisho wa mwezi huu nakwenda zangu. Nisingoje miezi mitatu. Leo nimeharibu sahani moja, kesho nitaharibu utafiti wa mtu mzima na ndevu zake. Yule Chen-kuang ana mdomo, lakini ni mtoto wa watu."

Wan-ju akafunga mlango. Alibaki ameushika mpini.

"Sahani ya saba ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Seli ni zangu. Mkojo ni wangu. Yule wa saba hakuja, nikaingia chooni." Akauachia mpini. "Na baba yangu ana ugonjwa wenyewe huu, Dada. Si unga wa mgongo. Na baba yake pia. Kwenye fomu nilidanganya."

Dada Siu-kim akaliinua daftari. Kisha akamchapa begani kwa daftari, si kwa utani.

"Mjinga wewe! Miaka mitano unaosha sahani za wagonjwa, hujapiga hata picha ya tumbo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Jana umesimama unaniona namwaga supu yangu kwenye sinki kama maji ya kuoshea samaki, ukanyamaza!"

"Nilinyamaza. Nisamehe. Nilikuwa naomba uwe umekosea."

Mama yule aliinua mkono tena, daftari juu. Halafu kitu kikapita usoni mwake, na mkono ukashuka wenyewe. Aliketi.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo kama sikutia kalsiamu, wewe huna kitu."

"Ndiyo."

"Na kama nilitia..."

Dada Siu-kim alivuta droo ya chini ya friji ndogo. Kila chupa ya supu aliyowahi kupika aliitolea kidogo kwenye kijichupa, akaandika tarehe, akaweka, kama wapishi wa shule wanavyoweka chakula cha siku kwa hofu ya watoto kuumwa tumbo. Vilikuwa vimepangwa mstari. Alikitoa cha mwisho. Jana hakutaka kukipeleka kupimwa, alikiri, kwa kuogopa jibu.

"Sasa tumekuwa waoga wawili," akasema. "Simama. Twende kwa Profesa."

Profesa Liao alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mwenye tabia ya kunywa chai iliyopoa tangu asubuhi. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Aliposikia habari ya fomu alifumba macho kidogo.

"Sahani hiyo inatoka kwenye utafiti," alisema. "Nitaandika sababu mimi mwenyewe. Fomu ya uongo ni kosa, Wan-ju, na tutaliongea baadaye, mlango ukiwa umefungwa. Ila sikiliza. Sahani si daktari. Seli zikitolewa kwa mwenyewe hufanya vituko vingi. Kijichupa hiki kiende kwenye maabara ya hospitali ghorofa ya chini, wapime kalsiamu. Na wewe uende kupiga picha ya tumbo. Namwandikia daktari sasa hivi, uende Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa hii?"

"Ulitaka ya mwaka ujao?" akadakia Dada Siu-kim.

Jibu la kalsiamu lilichukua siku moja. Alhamisi asubuhi Wan-ju alimkuta mama yule kwenye ngazi za nyuma, kofia ya pikipiki bado kichwani, ananuka ubani.

"Umetoka hekaluni, Dada? Wewe?"

"Nilipita tu. Iko njiani." Haikuwa njiani. Alivua kofia, nywele zimelala upande. "Nimewaambia walioko huko juu, miaka ishirini na sita sijawahi kuwaomba kitu kwa ajili ya kazi. Nimeomba kimoja. Nimeomba niwe nimesahau. Niwe nimetia alama bila kutia kitu, kama kikongwe. Waniondoe hapa leo na sanduku langu, wanicheke, sijali."

Wan-ju alimshika mkono, wakapanda pamoja, taratibu, kwa sababu ya goti la mama yule.

Karatasi ilikuwa mezani. Kalsiamu ilikuwa sawasawa, sahihi mpaka tarakimu ya mwisho, kama ilivyokuwa kwa miaka ishirini na sita.

Chen-kuang, ambaye alikuwa bado hajaambiwa lolote, aliisoma kwa sauti na kupiga makofi. "Dada Siu-kim hajakosea! Nilisema mimi, ni pakiti! Leo nanunua chai ya maziwa kwa wote, nani anataka ya..." Shujaa wake alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, analia kama aliyefiwa, na Wan-ju ndiye aliyekuwa akimbembeleza.

Ijumaa, daktari alimpaka ute wa baridi tumboni akasogeza kifaa polepole. Wan-ju hakuhitaji kuelezwa. Alivijua vile viduara vyeusi kama mtu anavyoijua njia ya nyumbani. Vinne upande wa kushoto, sita upande wa kulia, vidogo vidogo.

"Figo zinafanya kazi vizuri kabisa," daktari alisema. "Umekuja mapema. Wengi huja tukiwa tumechelewa." Akamwambia apime shinikizo la damu, apunguze chumvi, na anywe maji mengi kabla hata kiu haijamshika, kwa sababu kiu ndiyo inayoita ile homoni. Ipo na dawa ya kuizuia isisikike kwenye figo. Wakiona vifuko vinakimbia, wataijadili. "Na mtoto wako, mwache akue. Mpimeni shinikizo la damu kila mwaka, basi. Mengine atachagua mwenyewe akishakuwa mkubwa."

Usiku ule alimwambia mumewe, Chih-hao, kila kitu, pamoja na ule unga wa mgongo. Mumewe akainuka akajaza birika kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, akaliweka mbele ya mkewe. Alikuwa mtu wa hivyo.

Jumapili alikwenda kwa baba yake na Tang-tang. Mzee Bun-hiong alikuwa ameketi mlangoni karibu na pikipiki mbovu ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze, ananyonya kipande cha barafu. Maji yake ya siku yalipimwa kwenye kikombe kidogo chenye mstari wa kalamu, kwa kuwa figo zake hazikutoa tena kitu. Barafu humdanganya mdomo, alipenda kusema.

Wan-ju alimwambia akiwa amechuchumaa, anamshikia bisibisi. Mzee hakuinua uso. Alikaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Nimekupa mabaya," alisema mwishowe.

"Ulinipa na haya masikio makubwa. Nimewahi kukulaumu?"

"Ulilaumu! Ulipokuwa na miaka kumi na tatu ulilia wiki nzima."

Wakacheka, na cheko la mzee likakatikia katikati. Akajifuta kwa mkono wenye grisi, ukaacha mstari mweusi shavuni. "Baba yangu alinificha. Mimi nikakuficha wewe. Nilifikiri nisipolitaja halitaijua nyumba yetu."

"Mimi nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Nimeacha."

Akatoa chupa yake ya maji kwenye mkoba. Ilikuwa ya lita moja na nusu, ya pili siku ile. Aliishika tu, akaona haya kuinywa mbele ya mtu mwenye kikombe chenye mstari.

"Kunywa," akasema mzee.

"Nitakunywa nikifika nyumbani, Baba."

"Kunywa hapa nione. Mimi nimekatazwa, wewe umeamrishwa. Kunywa na sehemu yangu."

Akanywa. Mzee aliyafuatilia maji yakishuka shingoni mwa binti yake, naye akimeza mate pamoja naye, funda kwa funda, uso umetulia.

Ndipo waliposikia karatasi ikipasuka. Tang-tang alikuwa ameufikia mkoba. Chini ya kitambaa cha kumfutia mtoto jasho kulikuwa na pakiti ya kijani, tarehe yake mpaka mwaka ujao, ambayo Dada Siu-kim aliitia mkobani Ijumaa jioni bila kumtazama usoni. "Weka karibu na kitanda," alisema, yule aliyedharau pakiti miaka yote. "Kwenye hizo figo zako siwezi kuifunga. Na mwezi huu siendi popote. Nitakaa miezi yangu mitatu yote, nikuone unakunywa maji." Kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa pakitini alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko uleule wa vijichupa: Figo, mbili. Kisha alama yake ndogo pembeni.

"Tang-tang! Ile si ya kula!"

Mtoto aliwageukia, mashavu yamejaa, unga wa mahindi umempaka hadi puani. Alijua amekosea, lakini hakujua amekosea nini. Akatafakari, akachukua kimoja, akamnyooshea mama yake.

Wan-ju alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anatetemeka mabega kwa kicheko.

"Dada Siu-kim ataniua," Wan-ju akasema, akafungua mdomo, akalishwa. Kilikuwa kitamu. Katika miaka mitano ya kuzipanga juu ya mashine hakuwahi kujua ladha yake.

Aliikunja ile karatasi yenye maandishi ya penseli akaitia mfukoni. Kisha akamkalisha mtoto mapajani, akamwinulia chupa, na Tang-tang, mwenye kiu ya chumvi, akanywa kwa mikono miwili mpaka akahema.